Hodi ya Tatu Mlimani Ngolwe

Afande Mlenga alinikabidhi ule mkanda kwa mikono miwili, kisha akageuka kutazama upande wa mto, kama mwanamume aliyelelewa. Ulitakiwa ufungwe chini ya matiti, ndani ya kanga, ugusane na ngozi. Kazi hiyo akaichukua Kunegunda, mtani wangu wa ukoo, ambaye hajawahi kukataa kazi yoyote inayompa ruhusa ya kuniminya.

"Vuta pumzi, Skolastika. Huu ni mkaja wa mzazi kabisa huu. Wewe umechelewa tu, wenzako hufungwa wakiwa wabichi."

"Funga, mtani."

"Nafunga. Ila ukijifungua huko juu mimi simo. Mwite afande."

Wanawake wote wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Ana walicheka, na mabega ya Afande Mlenga yakatikisika ingawa bado alikuwa ametupa mgongo. Tulikuwa tayari kucheka kwa lolote asubuhi ile. Usiku uliopita hakuna aliyelala vizuri. Zamu ya kupanda Ngolwe hupatikana kwa kura, na kura yetu ilikuwa imekaa kwenye chungu cha serikali tangu mume wangu Banzi akiwa hai.

Gari la waya lilikuwa limetuchukua bondeni, ambako jua linaanza kuuma watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Lilipopanda likaingia kwenye ukungu, tukashikana mikono. Kunegunda alifungua dirisha akatoa ulimi nje auonje. Juu ya mgongo wa mlima tuliona nyavu zimetandwa, zinakamata ule ukungu na kuudondosha kwenye mabomba mpaka kwenye mizizi ya miti, maana mvua za siku hizi hazina ahadi. Msitu wa Ngolwe unanyonyeshwa kama mtoto. Bila nyavu zile, mbega wekundu tuliokuja kuwaona wangekuwa hadithi tu.

"Baridi," alisema wifi yangu Desideria, akatabasamu kama aliyepewa zawadi. "Wifi, nasikia baridi. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa."

Alikuwa ameshika kiwiko changu tangu tushuke garini. Macho ya Desideria yanaona kama mtu anayechungulia kupitia chujio la tui. Daktari amemwambia kwamba masika ijayo atabaki na mwanga na giza tu. Marehemu mume wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa askari wa mlima huu, na alimwahidi zamani: "Dada, siku moja nitakupeleka ukawaone kwa macho yako." Banzi aliondoka na ahadi ile mdomoni. Mimi nimeirithi pamoja na koti lake la mvua.

Mtu wa zamani angeuliza, kwani picha hazipo? Zipo. Kila nyumba ina ukuta wa picha. Ukiuambia ukuta "mbega," anakuja mbega. Ukiuambia "mbega avae kofia ya askofu," anavaa, na anabariki. Ndiyo maana mtoto wa siku hizi ukimwonyesha kitu chochote ukutani anakuuliza, "Bibi, hii imetungwa?" Hata sisi wazee tumeshindwa kutofautisha. Desideria alichotaka ni kuona kitu kimoja ambacho hakikutungwa na mtu, akifunge kwenye macho yake kabla mlango haujafungwa.

"Mwenye mkanda, njoo ule kiapo," alisema Afande Mlenga.

Niliweka mkono juu ya mkanda, nikasema maneno niliyokuwa nimeyakariri wiki nzima nikipeta mchele: "Nitasema nilichojibiwa, si ninachotaka."

Walinichagua mimi kwa sababu moja. Siku ya uchaguzi Kunegunda alisimama kanisani akasema, "Huyu hajui hata kumsifia mwenye nyumba ugali mbichi. Akifika mbinguni atamwambia Petro kufuli lake lina kutu." Mikono yote ikanyanyuka.

*

Njia ya Ngolwe ina mawe matatu makubwa, na kila jiwe lina hodi yake.

Sheria ni hii. Kwenye miti ya mlima mzima vimetundikwa vinasa sauti vidogo kama mbegu za mbono. Kwa miaka mingi mtambo umekuwa ukisikiliza mbega, ukijifunza ni milio ipi wanayotoa kabla ya kusogea karibu, na ipi kabla ya kukimbia. Mwanzoni mtambo ulitafsiri kwa maneno, lakini watu wakabishana juu ya maneno, kama watu walivyo. Basi ikaonekana afadhali utafsiri kwa mwili. Mbega wakiwa radhi, mkanda unapata joto. Wakitaka wasisogelewe, unakuwa wa baridi na unabana. Anayejua ni aliyeuvaa peke yake.

Hata Afande hajui. Yeye ana kioo kidogo kinachomwonyesha kundi liko mti gani, basi. Zamani askari ndio waliokuwa wakivaa mkanda, kwenye mlima wa pili uitwao Lugala. Wageni wakiingia, askari wanakula, kwa hiyo kila siku askari wakasema, "Wamekaribisha." Mbega wa Lugala walichoka kusema hapana. Siku moja walishuka wote, wakashika njia ya mbugani kwenye jua kali, na hawakufika popote. Sasa Lugala una miti na una ndege, lakini kwenye matawi hakuna kinachokutazama. Baada ya hapo serikali ikasema hodi apige mgeni mwenyewe, na kiapo kimkae yeye. Duniani kote mbega hawa wamebaki kundi moja.

Kwenye jiwe la kwanza niliupiga ule ubao wa mninga uliotundikwa pale.

"Hodi," nikasema.

Tukanyamaza. Kunegunda naye alinyamaza, jambo ambalo nililiandika moyoni. Mara mbali kule juu ikaja sauti, kama watu wengi wanaopiga chafya na kucheka kwa pamoja. Ngozi ya mikono yangu ikasimama. Kisha chini ya maziwa yangu nikasikia joto, polepole, kama pale unapokunywa uji na unaufuata kwa ndani unakokwenda.

"Wamekaribisha," nikasema.

Desideria aliniminya kiwiko mpaka nikaumia. Tulipanda karibu kwa kukimbia, wanawake wenye magoti mabovu na kisukari, tukipitana kama watoto wa shule. Afande Mlenga alikuwa nyuma akihema.

"Mama zangu, taratibu. Msitu hauendi kokote."

"Wewe ndiye usiyekwenda kokote, afande," alimjibu Kunegunda. "Kitambi hicho ni cha mbega wangapi?"

Kwenye jiwe la pili joto lilikuja hata kabla sijamaliza kusema hodi. Na hapo hapo, kutoka juu kwenye ukungu, likaanguka jani. Lilizunguka zunguka likatua begani kwa Desideria. Lilikuwa limeumwa upande mmoja, na palipoumwa palikuwa bado pabichi, panatoa maji.

Desideria alilileta karibu na jicho. Akalipapasa alama za meno kwa kidole. Akalinusa.

"Hili halikutungwa," akasema.

Ndipo Kunegunda aliposhindwa kujizuia. Mtu amekuzwa kwenye ngoma na harusi. Furaha ikimjaa haipiti kwingine. Alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kirefu, kile cha kumpokea bibi harusi, na wengine wawili wakakidaka. Msitu mzima ukakipokea ukakirudisha.

Afande Mlenga alisimama kama mti. Hakugomba. Aliinua tu kiganja, na vigelegele vikafa kimoja kimoja. Juu yetu hakukuwa na chafya wala kicheko. Palikuwa na matone ya ukungu tu yanayodondoka kutoka kwenye majani.

"Nimeua," alisema Kunegunda kwa sauti ndogo.

"Hujaua, mama," Afande akasema. "Twendeni jiwe la tatu. La tatu ndilo linalohesabika. Mwenyeji ana haki ya kubadili nia."

*

Jiwe la tatu liko kwenye kona. Baada ya kona kuna mkangazi mmoja mkubwa kuliko kanisa letu, na Afande alitazama kioo chake akanyoosha kidole. Walikuwa kwenye mti ule. Kundi zima.

"Hatua chache tu," akanong'ona. "Mkikubaliwa, hata wewe mama unayeona kwa shida utawaona. Ni wekundu sana utosini. Wanakaa kama wazee wa baraza, mikono tumboni. Hawana kidole gumba, mtaona."

"Mungu aliwanyima makusudi," alisema Desideria. "Asiye na gumba hawezi kushika bunduki."

Alikuwa ameshajiweka sawa. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa akafuta nacho macho, akakivaa upya, kama mtu anayejiandaa kwenda altareni kukomunika. Nilimtazama. Umri wake wote uliondoka usoni, akawa yule msichana aliyenipokea kwao siku ya kwanza nilipoletwa kuolewa, akanionyesha kisima kilipo.

Nikapiga ubao.

"Hodi."

Kule mtini kikalia kitu kimoja, kifupi, cha chini. Kikajibiwa na kingine.

Mkanda ukapoa.

Ukapoa kama ukuta wa zahanati, halafu ukabana, taratibu, kama mkono wa mtu uliowekwa kifuani kwako kukuzuia mlangoni. Haukuwa mkono wa hasira. Lakini ulikuwa unanizuia.

Wote walikuwa wananitazama. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mwenyezi Mungu, na Yeye alikuwa amenyamaza.

Siwezi kusema niliwaza kidogo. Niliwaza haraka na niliwaza mengi. Hatua chache. Dakika ambazo zisingetosha kuchemsha chai. Sisi si wawindaji, sisi ni wanawake wa rozari. Pengine wamekasirikia kigelegele tu, na watasahau. Zamu nyingine ikija, Desideria atashikwa mkono, atapandishwa, ataambiwa, "Wako pale," naye atageuza uso kwenye giza. Neno lenyewe ni moja. Nimelisema mara mbili asubuhi hii na lilikuwa kweli mara mbili. Hata Banzi ningemtimizia ahadi yake. Neno lilikuja mpaka nyuma ya meno yangu, nikalionja, lilikuwa tamu.

Na mkanda ulikuwa bado umebana, unanisubiri kwa adabu.

"Skolastika?" Kunegunda aliita. Hakusema mtani.

"Wamekataa," nikasema.

Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Afadhali wangepiga. Kunegunda alikaa chini pale pale kwenye matope akajifunika uso na kanga. Afande Mlenga alivua kofia, akaivaa, akasema tu, "Asante, mama," kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameogopa jibu lingine.

Desideria aliachia kiwiko changu.

"Una hakika?"

"Nina hakika, wifi."

"Hukusikia vibaya?"

"Hausikiki. Unabana. Na umebana."

Aligeukia kona, kule kwenye mkangazi asioweza kuuona. "Banzi angekuwa amevaa yeye," akasema, "angesema nini?"

Nilitamani anipige. "Sijui," nikasema. "Banzi hakuvaa. Nimevaa mimi."

*

Tulianza kushuka kama watu wanaotoka kuzika. Desideria alikataa mkono wangu, akashika fimbo na bega la Kunegunda. Kunegunda alijaribu utani mara moja, akasema magoti yake yanashukuru kwa kurudishwa mapema, lakini hakuna aliyeudaka.

Tulipofika jiwe la pili Desideria alisimama.

"Wifi."

"Bee."

"Baada ya matanga ya kaka, watu walipokwisha kuondoka, nilikuja kwako na unga kwenye ungo. Nikapiga hodi mara tatu. Ulikuwa ndani."

Nilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa sakafuni na kikombe cha chai kilichopoa, na nisingeweza kufungua mlango hata angekuja Papa. "Nilikuwa ndani," nikasema.

"Nilijua. Nilisikia kikombe."

"Na ulirudi. Niliukuta unga asubuhi."

"Sasa ningefanya nini? Ningevunja mlango?" Akapapasa hewani mpaka akanipata kiwiko. Akakishika mahali pale pale alipokuwa ameniumiza. "Kumbe nilikuwa nakulaumu kwa jambo ninalolijua."

Hapo ndipo milio ilipoanza tena huko juu. Haikuwa ya jibu, maana hakuna aliyekuwa amebisha. Walikuwa wanazungumza wenyewe kwa wenyewe, na mkanda, ambao nilikuwa nimeusahau, ukashtuka kifuani mwangu. Nikajua la kufanya kabla sijajua kwamba nimelijua.

"Afande," nikasema, "mkanda ni wangu mpaka wapi?"

"Mpaka langoni ni wa kikundi, mama. Kiapo kimeisha jiwe la tatu."

"Basi tazama mto."

Akanielewa. Mto ulikuwa mbali na hauonekani, lakini akageuka akautazama kwa bidii. Tukazungusha kanga zetu, Kunegunda akaufungua mkanda kwangu akamfunga Desideria chini ya matiti, na safari hii hakuminya.

Desideria alifumba macho. Halafu kinywa chake kikafunguka kidogo.

"Ni wengi," akasema. "Mmoja yuko huku, mwingine kule. Huyu anaita. Huyu anamwambia tulia. Jamani, hawa wanapendana." Akacheka bila sauti, machozi yakateremka. "Ngoja. Kuna kitu kingine. Kidogo. Kinapiga kama, kama..." Akaweka mkono tumboni, chini ya mkanda, mahali ambapo wanawake wote huweka. "Skolastika, kuna kichanga huko."

Afande aligeuka na kusahau adabu yote. "Umesemaje, mama?"

"Nimezaa sita, afande. Kuna mtoto mchanga. Hajamaliza hata kukauka."

Akakitoa kioo. "Jike moja halijahama mkangazi ule tangu jana," akasema. "Nilidhani linaumwa. Nimekaa nalo moyoni, sikutaka kuwatia huzuni." Akasogeza kidole kwenye kioo. Kinasa sauti cha mti ule kilikuwa kimeshika mlio ambao mtambo haukuwa na jina lake, maana ulikuwa haujausikia kwa miaka tisa. "Hawajazaa tangu nianze kazi hapa," akasema. "Watu wa makao makuu walikwisha kuandika kwamba hawatazaa tena."

Tulitazamana. Tungeingia. Wanawake wote hawa na furaha yetu yote, chini ya mti wa mzazi wa siku moja. Nyumbani kwetu hata baba wa mtoto haingii namna hiyo.

Nikamwona Kunegunda. Kifua kilikuwa kimejaa, kichwa kimekwenda nyuma, ulimi umeshajipanga. Mtoto amezaliwa, na mwanamke wa kwetu ana jambo moja tu la kufanya mtoto akizaliwa. Akanitazama kwa macho ya mtu anayezama.

"Usithubutu," nikamwambia.

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mwingine naye akajiziba, na mwingine. Tulishuka mlima ule wote hivyo, wanawake wa Mtakatifu Ana, viganja midomoni, mashavu yamevimba, tukicheka kwa mapua, tukishikana tusianguke, na Desideria katikati yetu amefumba macho, akitembea kwa kufuata kifua chake. Kila mara alikuwa akituambia kwa kunong'ona: "Ananyonya sasa." Halafu, "Amelala." Hakuna aliyeuliza kama imetungwa.

Chini, kabla ya lango, kuna daraja, na maporomoko yanapita chini yake kwa kishindo kiasi kwamba mtu na mwenzake huongea kwa ishara. Afande Mlenga alisimama katikati ya daraja. Akatazama mlima, akatazama maji. Akamgeukia Kunegunda, akainua kiganja, kile kile alichotunyamazishia nacho, na akakishusha.

Kunegunda akaondoa mikono mdomoni.